Kesi ya taasisi hushindwa masjala

Chake Chake, Jumatano usiku

Ukiitetea taasisi ya umma mahkamani, mteja wako hana uso. Mkurugenzi aliyetia saini barua inayolalamikiwa keshahamishiwa Unguja, mpimaji amestaafu, na aliyebaki ofisini anasema, "Mie nimelikuta hivi hivi." Kinachokumbuka ni jalada tu. Ndiyo maana naamini kesi hizi aghalabu hushindwa masjala, kabla jaji hajaziona.

Samansi ikifika, tazama kwanza muhuri wa kupokelea: tarehe, saa, na saini ya nani. Muda wa kujibu madai huhesabiwa tangu taasisi ilipokabidhiwa, si tangu karatasi ilipomfikia wakili. Ikilala wiki nzima kwenye trei ya katibu muhtasi, wiki hiyo imekwenda. Kuomba kuongezewa muda kunataka hati ya kiapo yenye sababu ya maana, na "ofisi ilikuwa na kazi nyingi" si sababu.

Halafu omba jalada lenyewe, usikubali vivuli. Kivuli hakionyeshi maandishi ya penseli pembeni, wala dokezo lililoandikwa nyuma ya ukurasa. Fungua, hesabu folio, yaani karatasi zenye namba ndani ya jalada, moja moja. Folio 14 ikifuatwa na folio 17, simama hapo hapo uulize 15 na 16 ziko wapi. Mara nyingi moja ni barua iliyokwenda kwa mdai, na yeye anayo, kaiweka vizuri nyumbani. Utaisoma mara ya kwanza siku shahidi wako anahojiwa juu yake.

Kwenye kesi za fidia ya mashamba yaliyopitiwa na barabara nakaa zaidi na fomu ya uthamini kuliko na sheria. Hapa kwetu Zanzibar ardhi ni mali ya umma, na mtu hupewa haki ya matumizi. Lakini miti inaweza kuwa na mwenyewe mwengine kabisa. Anayelima muhogo chini si lazima awe ndiye mwenye mikarafuu juu. Mthamini akiandika jina moja kwa vyote, fidia italipwa kwa mtu asiyestahiki yote, na mwenye miti atakuja kushitaki akiwa na haki. Kwa hiyo isome fomu mstari kwa mstari: jina, idadi ya miti, imegawanywa mikubwa na michanga au imerundikwa pamoja, saini ya mwenyewe, saini ya sheha, kiongozi wa Serikali katika shehia. Utakuta 3 iliyofanywa 8 kwa wino mwengine, pembeni hapana saini ya aliyerekebisha. Pengine alisahihisha kosa la kweli baada ya kuhesabu tena shambani. Lakini atakayeweza kulieleza hilo ni yeye tu, basi mtafute huyo awe shahidi, hata kama kastaafu na yuko Micheweni. Usimlete mkurugenzi ambaye hajalikanyaga shamba.

Pingamizi la awali, yaani kuomba shauri liondoshwe kabla ya kusikilizwa, nalo linatumika vibaya. Tangu uamuzi wa mahkama katika kesi ya Mukisa Biscuit ya 1969 inajulikana kuwa ni lazima liwe hoja tupu ya sheria, isiyohitaji ushahidi. Mdai hakutoa ilani kabla ya kuishitaki Serikali? Hiyo ni hoja. Kusema ilani yake haikumfikia ofisa fulani ni jambo la kuthibitishwa, na pingamizi litaanguka. Hata ukishinda, shauri likiondoshwa tu bila kuamuliwa, mdai hurekebisha akarudi, na wewe umenunua miezi tu.

Ukishindwa Mahkama Kuu na rufaa inakwenda Mahakama ya Rufani ya Tanzania, Kanuni za mahakama hiyo za 2009 zinataka ilani ya rufaa ndani ya siku 30 tangu hukumu, na mjibu rufaa, yaani upande wa pili, apelekewe nakala ndani ya siku 14 baada ya kuiwasilisha. Rufaa yenyewe ina siku 60 tangu ilani. Mwenendo wa kesi ukichelewa kuchapwa, cheti cha Mrajis wa Mahkama Kuu huziondoa siku hizo kwenye hesabu, kwa sharti kwamba barua ya kuomba nakala iliandikwa ndani ya zile siku 30 na mjibu rufaa akapelekewa nakala yake. Kipande hicho cha mwisho ndicho kinachosahauliwa. Karani apeleke kwa daftari la kukabidhi, arudi na saini.

Na jalada likionyesha kwamba mdai anadai haki yake, lazima tuiambie taasisi hivyo kwa maandishi: kosa ni nini, kiasi gani kinadaiwa kweli, gharama zitapanda kiasi gani tukivuta kesi. Wakili hana ruhusa ya kumaliza shauri kwa maridhiano bila idhini iliyoandikwa, na fedha za umma haziwezi kutolewa kwa simu. Dokezo hilo liwe la ukurasa mmoja, na lipewe folio yake siku ile ile.