Schulz: cheo cha kijiji kilichogeuka jina la ukoo

Nikifundisha historia hapa Dodoma, nimeulizwa zaidi ya mara moja iwapo Olaf Scholz, aliyekuwa Kansela wa Ujerumani kuanzia 2021 hadi 2025, ana undugu na Martin Schulz, aliyekuwa Rais wa Bunge la Ulaya kati ya 2012 na 2017. Majina hayo hayathibitishi undugu wowote, ingawa asili yake ni moja.

Schulz, Schulze, Schulte na Scholz yote yametokana na Schultheiß, yaani mtu aliyewadai wanakijiji haki za bwana mwenye ardhi, zikiwa nafaka, fedha au siku za kazi, na ambaye pia aliketi barazani kuamua mashauri madogo. Wazee wa Ugogo waliosimuliwa habari za maakida na majumbe, waliokusanya kodi ya nyumba kwa ajili ya serikali ya Wajerumani tangu 1898, watamtambua mtu huyo mara moja.

Mashariki ya mto Elbe cheo hiki kilipata uzito wa pekee. Katika karne ya 12 na ya 13, mabwana wa huko waliwapa watu maalumu kazi ya kuwaleta walowezi, kufyeka misitu na kugawa viwanja; mwenye kuifanya kazi hiyo mara nyingi alipewa shamba kubwa kuliko ya wenzake pamoja na uongozi wa kijiji, akawarithisha wanawe vyote viwili. Majina ya koo yalipozoeleka, cheo kilikuwa tayari kimewaganda. Na kwa kuwa karibu kila kijiji kilikuwa na kiongozi wake, jina lilizaliwa mara nyingi, kila mahali peke yake, na kwa maoni yangu hilo ndilo jambo la kwanza kulielewa kuhusu ukoo wowote wa Schulz.

Lahaja nazo zikafanya kazi yake: Schulte ni la Westfalen na kaskazini, Scholz ni la Schlesien, ambayo leo sehemu yake kubwa imo Poland. Wasomi wengine walilivika Kilatini, ndiyo maana mtunzi wa muziki Michael Praetorius, aliyefariki 1621, ametoka katika ukoo wa jina hilihili.

Prussia, dola kubwa kuliko zote za Ujerumani ya wakati huo, iliondoa urithi wa cheo hicho katika majimbo yake ya mashariki mwaka 1872, kama utemi ulivyofutwa kwetu 1963. Mwaka 1876 uandikishaji wa kiserikali wa vizazi, ndoa na vifo ulianza Ujerumani nzima, na tahajia ya kila ukoo ikaanza kutulia. Anayekutana na Schulz katika nyaraka za reli iliyofika Dodoma 1910 atafute kwanza kijiji alikozaliwa mtu huyo, kwa sababu jina peke yake halitamfikisha kwa babu mmoja.