Nina jina la babu, naogopa korongo, na kuna mzee ananidai mbuzi

Mi sijawahi kuvuka korongo lenye maji, hata yakiwa ya kifundoni. Wenzangu wanakunja suruali wanashika viatu mkononi wanapita huku wanapiga stori, mi nabaki ng'ambo. Darasa la sita nlikaa hivo masaa matatu na daftari zangu kwapani nikisubiri yakauke, nilivofika nyumbani nikachapwa, lakini bora fimbo.

Kama hujakaa Dodoma vijijini, korongo karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu, tunachimba visima humohumo, watoto wanapigia mpira humo. Alafu siku moja mwezi wa kwanza mbingu juu yako nyeupe kabisa, kumbe huko milimani imenyesha toka asubuhi na we huna habari, unasikia muungurumo kama lori linashuka, ukigeuka maji yamefika na magogo yake. Babu mzaa baba aliondoka hivo, kwenye zile mvua za El Nino, mwanzoni mwa 1998. Alishavuka. Akarudi kufuata ndoo.

Mi nikazaliwa mwaka uliofuata, na naambiwa nlilia siku tatu, ziwa sishiki. Wakajaribu jina la upande wa mama, kilio kikazidi. Bibi akanitoa nje akaniita sikioni jina la marehemu mume wake, nikanyamaza, nikanyonya. Kesi ikafungwa hapo. Toka siku hiyo naitwa "mume wangu", na najua kila bibi anamtania mjukuu wake hivo, ila wa kwangu alikuwa hatanii sana. Nina miaka kama saba ananiuliza, uso umekaza, "Hivi ile tupa ya kunolea jembe uliichomekaga wapi?" Nikajibu tu, darini. Wakapekua, ikatoka! Kijiji kizima kikajua mzee karudi. Nimekua ndo nikajiuliza, kwenye tembe, hizi nyumba zetu za paa la miti na udongo, mtu atachomeka wapi tupa kama sio kwenye miti ya dari? Visu viko huko, miswaki iko huko, hadi vyeti vya ubatizo.

Miaka miwili iliyopita nikaanza kusoma haya mambo, usiku nikiwa na bando. Kuna daktari wa akili aliitwa Ian Stevenson, wa Chuo Kikuu cha Virginia kule Marekani, alikusanya kesi zaidi ya 2,500 za watoto wanaosema walishawahi kuishi. Wengi wanaanza kuongea hayo wakiwa na miaka miwili mpaka minne, wakifika umri wa shule yanafutika. Kilichonikaba koo ni hiki, kwenye kesi 387 alizozichambua watoto 141 walikuwa na woga mkali, na karibu wote woga unafanana na kifo cha yule marehemu, aliyezama maji mtoto anaogopa maji. Nikaweka simu chini nikatoka nje kuvuta hewa.

Ila nikarudi kusoma tena. Kesi zake nyingi zimetoka sehemu ambazo watu tayari wanaamini mambo ya kurudi, India, Sri Lanka, Lebanoni kwa Wadruze, jamii ya dini ya huko. Alafu nikakutana na mama mmoja wa Colorado, Virginia Tighe, ambaye mwaka 1952 alilazwa kwa hipnosisi, ule usingizi wa kuongozwa na mtu, akaanza kuongea kama mwanamke wa Ireland wa karne ya 19, anajiita Bridey Murphy. Marekani nzima ikachanganyikiwa. Waandishi wa habari wakachimba, wakakuta utotoni Chicago alikuwa anakaa karibu na mama mmoja mzaliwa wa Ireland, aliyewahi kuitwa Bridie Murphy. Yaani huenda aliyasikia, akayasahau, yakabaki chini huko yanamsubiri.

Na mi nikakumbuka neno moja. Nikiwa natambaa, nikielekea upande wa korongo, bibi alikuwa anapiga kelele, "Unataka kwenda TENA?" Mama ananithibitishia, kila siku ilikuwa hivo. Tena! Sasa mtoto mdogo hivo ukimwambia "tena" kila siku, atakosaje kujua kwamba alishakwenda? Mchungaji wetu aliposikia alisema mtu anakufa mara moja tu, imeandikwa, akaomba tubadilishe mada. Mi siamini kwamba ni babu. Naamini nilifundishwa kuwa babu kabla sijaota meno, na miguu yangu ikashika somo kuliko kichwa.

Shida ni kumwambia hivo mzee mmoja jirani. Anadai 1996 babu alichukua mbuzi kwake hakulipa, na anasema shamba la babu nimepewa mimi kwa sababu ya jina, kwa hiyo deni nalo ni langu. Pasaka hii nimeenda nyumbani, nimemkuta kakaa pale njia inapokata korongo, maji yanapita kidogo tu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Mbuzi wangu?"

Nikamwambia babu, mi ni mtu mwingine, nimezaliwa tisini na tisa. Akaniangalia weee, akanyoosha fimbo kwenye maji.

"Haya, kama sio wewe, vuka."

Jumamosi yake nimeenda mnadani Msalato. Jike, elfu tisini.