Ukishuka treni Dar, usiseme "Makumbusho" tu

Kosa la kwanza la mtu wa Dodoma anayekwenda Dar kutazama makumbusho hutokea kabla hajaona hata kigae kimoja. Anamwambia bodaboda "nipeleke Makumbusho", na bodaboda, bila nia mbaya yoyote, anamshusha Kijitonyama kwenye kituo cha daladala chenye jina hilo. Huko ndiko kiliko Kijiji cha Makumbusho. Makumbusho ya Taifa yenyewe yako mjini, Mtaa wa Shaaban Robert, jirani na chuo cha IFM. Kati ya sehemu hizo mbili kuna kilomita kama 10, na foleni juu yake. Ukitaka mjini sema "Posta, karibu na IFM".

Tangu SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, wengi wanajaribu kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Inawezekana, ila utaona makumbusho mbio mbio. Lala usiku mmoja. Kitambulisho chako cha NIDA kiweke mfuko wa karibu: utakihitaji kituoni, na utakihitaji tena kwenye geti la makumbusho, kwa sababu raia hulipa kiingilio cha chini kuliko mgeni.

Anza na Makumbusho ya Taifa asubuhi, Kijiji kifuate alasiri. Mpangilio huu una sababu. Joto la Dar ni la fukuto; jasho ambalo Dodoma hukauka likitoka tu, kule linabaki mwilini. Saa za jua kali uwe ndani ya jengo. Tena ngoma za Kijijini kwa kawaida huchezwa alasiri.

Jengo la zamani la Makumbusho ya Taifa lilifunguliwa mwaka 1940, likiwa kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano wa Uingereza. Watu wengi hukimbilia magari ya zamani ya viongozi, wakapiga picha, wakamaliza nguvu hapo. Magari yanaweza kusubiri. Nenda kwanza kwenye chimbuko la binadamu, kwa Zinjanthropus (Zinj), ndugu wa kale wa binadamu, ambaye fuvu lake Mary Leakey aliliona Olduvai tarehe 17 Julai 1959. Umri wake ni kama miaka milioni 1.75, na fuvu halisi limehifadhiwa na makumbusho haya haya. Usitazame tu ukapita. Angalia ukingo wa mfupa uliosimama katikati ya utosi. Kisha weka vidole kwenye kipaji chako cha pembeni, juu kidogo ya sikio, utafune kama una muhogo mdomoni: msuli unaocheza hapo ndio uleule ambao kwa Zinj ulipanda hadi kushika ukingo ule. Ukiona na ukubwa wa magego yake, utaelewa kwa nini. Watoto hawasahau somo hilo, na halihitaji mtembezaji.

Upande wa Kilwa ndio tunaoupendekeza ukae muda mrefu. Kuna vyombo vya kaure kutoka China na habari za mji uliotengeneza sarafu zake wenyewe. Mtu wa pwani huisoma hiyo kama historia ya bahari. Wewe wa Dodoma isome kwa kugeuza uso bara: pembe za ndovu hazikuota ufukweni. Karne ya 19 misafara ya Bagamoyo kwenda Tabora ilikatiza Ugogo, baada ya kuvuka nyika kavu ya Marenga Makali karibu na Mpwapwa, na watemi wa Kigogo walitoza hongo, yaani ushuru, kwa njia na kwa maji. Malipo yalikuwa vitambaa na shanga. Kwa hiyo ukikuta shanga kwenye kabati la kioo, usizione mapambo tu. Zilikuwa pesa.

Bustani ya Mimea iko jirani kabisa, ni mahali pazuri pa kupumzisha miguu.

Kijiji cha Makumbusho kilifunguliwa mwaka 1967. Ni nyumba za asili za makabila mbalimbali, zimejengwa nje, kwa ukubwa wake halisi. Linganisha msonge wa Wahaya, ambao nyasi zake hushuka hadi karibu na ardhi, na tembe la bara letu lenye paa bapa: boriti, fito, nyasi, kisha udongo juu. Msonge humwaga mvua. Tembe limebuniwa kwa nchi yenye mvua kidogo na za msimu mmoja. Dodoma hupata kama milimita 600 kwa mwaka; Dar hupita 1,000, tena kwa masika na vuli. Paa la udongo likiloa siku mfululizo huwa zito, huvuja, boriti huoza, na mchwa humalizia. Ukikuta nyumba ina kiraka au imefungwa kwa ukarabati, usilalamike sana. Inapigana na hali ya hewa isiyo yake. Kwa sababu hiyohiyo epuka Machi hadi Mei, maana hata njia za kutembelea hugeuka tope. Ngoma ulizia getini kabla hujalipa: ipo leo, saa ngapi, na je, ina malipo yake ya pembeni?

Ukiwa na siku ya pili, nenda Bagamoyo, kilomita 70 hivi. Misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa 1868 ina makumbusho yake, na ndipo mwili wa mpelelezi David Livingstone ulipofikishwa Februari 1874 baada ya kubebwa kupitia Tabora. Magofu ya Kaole yako nje kidogo ya mji, hayana kivuli cha kutosha; nenda huko kwanza, kabla ya saa 4 asubuhi.

Tiketi ya kurudi Dodoma usiikate ya jioni hiyohiyo. Foleni ya kuingia mjini kutoka Tegeta hadi Mwenge haijali umelipa nauli, na treni haisubiri.