Nilivyowalea watafiti watatu kwa takwimu za bure

Nilipokabidhiwa watafiti chipukizi watatu wanaochunguza kwa nini mama wa kaya maskini hujifungulia nyumbani ilhali jirani yake mwenye uwezo hufika kituo cha afya, kila mkubwa niliyemwendea alinipa ushauri uleule: tafuta ufadhili kwanza. Nilitii, nami najuta. Milioni chache tulizopata ziliishia kwenye warsha ya siku tatu hotelini Morogoro, tukala vizuri, tukagawana posho na vyeti, tukarudi Dar es Salaam bila hata aya moja iliyoandikwa.

Baada ya aibu hiyo niliwaelekeza kwenye takwimu ghafi za Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria, wa 2015–16 na wa 2022, ambazo mtafiti alikuwa akipewa bure baada ya kujisajili na kueleza anazitakia nini. Kitaifa, kujifungulia vituoni kulikuwa kumepanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Swali letu likawa ni akina nani waliobaki nyuma.

Hapo ndipo nilipoumbuka. Asilimia za binti mmoja hazikulingana na ripoti rasmi ya utafiti huo, nami, kwa kujiamini kwa mtu aliyezoea kuitwa daktari, nikamwambia ripoti ndiyo iliyokadiria tu, yeye yuko sahihi. Usiku usingizi ulinipaa, nikafungua faili mwenyewe. Kumbe kaya za Zanzibar huchukuliwa nyingi kupita uwiano wa watu wake, ili takwimu zake zitegemeke, hivyo asiyetumia uzani wa sampuli, yaani namba inayoirudishia kila kaya uwiano wake halisi, hupotosha hesabu ya taifa zima. Na uzani wenyewe huandikwa bila nukta ya desimali. Sharti ugawanywe kwa 1,000,000. Alhamisi iliyofuata nilikiri mbele ya wote watatu. “Kumbe hata wewe hukosea, mwalimu,” alisema yule binti, na tangu siku hiyo wakawa wananiletea makosa yao yangali mabichi, badala ya kuyaficha hadi mhakiki wa jarida ayafichue. Nami nikabandika ukutani barua zangu zote za kukataliwa.

Makala mbili zimekubaliwa. Ya tatu, inayodai kwamba kipimo cha utajiri kinachotazama zaidi sakafu, paa na vyombo vya ndani hakimtendei haki mfugaji mwenye ng’ombe sitini, imekataliwa mara moja. Barua yake iko ukutani, chini ya zangu.