Jengo Unaloweza Kulichora Umefumba Macho

Mpe mtu penseli na kipande cha karatasi, umwambie achore jengo la Chrysler la New York. Hata asiyejua kuchora ataweka mnara, juu yake kilemba cha matao yanayopandana, na juu kabisa sindano. Kisha mwambie achore 40 Wall Street, uone atakavyokutazama. Majengo haya mawili yalijengwa wakati mmoja, katika mji mmoja, yakigombea taji moja la urefu. Kwa nini moja limekaa vichwani mwa watu na jingine limebaki kwenye orodha? Swali hili halijaniacha wiki nzima.

Jibu la haraka ni kwamba Chrysler lilishinda. Na kweli lilishinda, tena kwa ujanja. Severance, msanifu wa 40 Wall Street, alifikisha mita 283. Van Alen, msanifu wa Chrysler, alikuwa ameficha ndani ya kilemba chake ncha ya chuma ya mita 38, yenye uzito wa tani 27, iliyopandishwa vipande vipande na kuungwa humo humo ndani. Tarehe 23 Oktoba 1929 ncha ikavutwa kwa winchi kupitia tundu la juu. Katika dakika 90 hivi kazi ikaisha, jengo likawa na mita 319. Lakini taji hilo lilidumu miezi 11 tu baada ya jengo kukamilika, kwani tarehe 1 Mei 1931 Empire State lilifunguliwa likiwa na mita 381. Kama ni urefu, basi Chrysler lingesahauliwa siku hiyo hiyo.

Kinachokumbukwa ni kilemba. Kimevikwa Nirosta, chuma kisichoshika kutu chenye takriban asilimia 18 ya kromi na asilimia 8 ya nikeli. Kromi ikikutana na hewa hujitandikia utando mwembamba unaozuia kutu, ndiyo maana kinang'aa mpaka leo ingawa kimesafishwa mara chache mno. Kingevikwa shaba, kingekuwa kijani zamani. (Chini ya kilemba, jengo lenyewe limevikwa tofali za kawaida. Wengi hawalioni hilo.)

Empire State halina mapambo ya namna hiyo, na bado yeyote atalichora. Sura yake ililetwa na sheria pamoja na lifti. Mwaka 1915 jengo la Equitable lilipanda wima bila kurudi nyuma hata hatua moja, likazitia kivuli barabara za jirani. Mwaka uliofuata New York ikaamuru: jengo likifika kimo fulani, lirudi nyuma kutoka barabarani, ila sehemu isiyozidi robo ya kiwanja inaruhusiwa kupanda itakavyo. William Lamb, msanifu wa Empire State, akaanzia ndani. Aliziweka lifti katikati na ofisi kuzizunguka, kila ofisi isiwe na kina cha zaidi ya mita 8.5 hivi kutoka dirishani, ili mwanga ufike. Ghorofa za juu zinahitaji lifti chache kwa kuwa abiria wengi wamekwisha kushuka, basi kiini kinakonda na jengo linakonda nacho. Vile vipandio vinavyoonekana nje ni hesabu hiyo. Tani 57,000 za chuma zilisimamishwa kwa kasi ya ghorofa nne na nusu kwa wiki, na kazi nzima ikaisha kwa siku 410.

Sehemu moja tu ilileta hasara, nayo ni mlingoti wa juu. Ulikusudiwa kufungia meli za angani, abiria washuke kwa ngazi kwenye ghorofa ya 102. Upepo ukigonga ukuta wa jengo refu hupanda juu kwa nguvu, na chombo kilichofungwa pua peke yake huyumba kama tiara. Mpango ukafa. Mlingoti ulikuja kufaa kwa antena.

Chicago ndiko moyo wangu ulipo, sifichi. Jengo la John Hancock la 1969 limeweka mifupa yake nje. Mhandisi Fazlur Khan, mzaliwa wa Dhaka, alifunga kuta zake za nje kwa mihimili mikubwa ya mshazari inayokatana kama herufi X, jengo zima likawa bomba moja gumu mbele ya upepo. Ghorofa 100 zilitumia kilo 145 hivi za chuma kwa kila mita ya mraba, wakati Empire State lilitumia kama 206. Gharama yake ni madirisha: ziko nyumba ambazo mhimili unapita mbele ya kioo na kukata mandhari ya ziwa. Na kule kukonda kuelekea juu si urembo. Chini ni ofisi zinazotaka sakafu pana, juu ni makazi ya watu ambayo hayataki vyumba vilivyo mbali na dirisha.

Khan huyo huyo alibuni Sears, jengo jingine la Chicago, mabomba tisa yaliyofungwa pamoja na kukatika kwa vimo tofauti, mita 442. Ni kazi kubwa zaidi kwa hesabu. Kwa macho yangu Hancock linalishinda.

Halafu kuna Citicorp la New York, la 1977, ambalo linanivurugia nadharia yote, kwamba umbo linalokaa kichwani huwa na sababu yake. Kanisa la Mtakatifu Petro lilikuwa na kona ya kiwanja, hivyo miguu ya jengo ikawekwa katikati ya kila upande badala ya pembeni, kila mguu na kimo cha ghorofa tisa. Mwaka 1978 mhandisi wake, William LeMessurier, aligundua kwamba viungo vya mihimili vilifungwa kwa bolti badala ya kuchomelewa. Hesabu zake zilionyesha kwamba upepo unaokuja kwa pembe ungeongeza mzigo kwenye baadhi ya mihimili kwa asilimia 40, na kwenye bolti kwa asilimia 160. Kule juu kulikuwa na bonge la zege la tani 400 linaloelea kwenye mafuta kupunguza myumbo, lakini lilitegemea umeme, na umeme hukatika wakati wa dhoruba. Mafundi wakachomelea vibati vya chuma vya unene wa sentimita 5 kwenye viungo zaidi ya 200, usiku, wafanyakazi wa ofisini wakiwa wamekwenda nyumbani. Magazeti ya mji yalikuwa kwenye mgomo. Umma haukujua mpaka 1995.

Tofauti na Hancock, mihimili ya Citicorp imefichwa nyuma ya ukuta wa alumini, na ile miguu huioni mpaka usimame kwenye lami. Ukitazama kwa mbali unalitambua kwa paa lake lililolala kwa nyuzi 45. Paa hilo lilielekezwa kusini kwa ajili ya paneli za jua. Paneli hazikuwekwa kamwe.