Upanga wa felegi: bapa na mpini si lazima wawe ndugu

Wiki ya 1: vipimo

Kazi ni kukadiria umri wa upanga mmoja wa felegi, yaani upanga mrefu mnyoofu wa Kiarabu. Hakuna kusugua. Kutu kuukuu ni ushahidi, na msasa ukishapita umefuta umri. Bapa, yaani chuma chenye makali, lilipanguswa tu kwa kitambaa cha pamba chenye mafuta kidogo ya cherehani. Urefu wake sm 84, upana penye noleo (pete ya chuma pale bapa linapoingia mpinini) mm 37, makali pande mbili, mifereji mitatu. Mpini mviringo mrefu usio na kikinga mkono. Ni umbo la Oman, lililobebwa na Waarabu wa Unguja pia.

Unene: mm 4.6 penye noleo, 3.4 katikati, 2.1 karibu na ncha. Dalili njema. Mfua panga hupunguza chuma kuelekea ncha ili upanga usilemee mbele. Anayekata bamba la kiwandani huacha unene uleule karibu urefu wote. Lakini wembamba peke yake usikutie shaka: panga za kuchezea razha, ngoma ya panga ya Waomani, hutakiwa zitetemeke zikitikiswa.

Wiki ya 2: alama

Chini kidogo ya noleo yupo mbwa mwitu anayekimbia, mistari saba ya patasi, na chembe za shaba zimebaki ndani yake. Hapa ndipo wengi hukimbilia kusema "Solingen", mji wa Ujerumani uliosifika kwa panga. Alama hiyo ilianzia Passau, mji mwingine wa Ujerumani, Solingen wakaiga, halafu wahunzi wa nchi nyingine nao wakaiga Solingen. Kioo cha kukuza mara 10 kinaonyesha chuma kimeinuka kingoni mwa mistari, maana patasi husukuma chuma pembeni. Asidi hukila tu bila kukiinua. Basi alama imepigwa kwa mkono. Mkono wa nani, haisemi.

Wiki ya 3: asidi, kisha mpini

Feri kloraidi ya dukani, sehemu 1 kwa maji sehemu 4, kwenye eneo la sm 1 kwa sm 1 tu. Jaribio la kwanza lilitoa mabaka: mafuta hayakuwa yametoka. La pili, baada ya kufuta kwa spiriti, sekunde 30, kisha maji ya magadi, kukausha na mafuta tena: kijivu kitupu, hakuna mawimbi yanayoonekana kwenye fuladhi (chuma cha pua) ya Uajemi au India.

Mpini una nyuzi nyeupe. Sumaku haikuzivuta, ila hilo halithibitishi fedha, kwani hata aloi ya shaba na nikeli haivutwi. Kilichofaa zaidi kuliko vipimo vyote ni kivuli cha kutu chini ya noleo: ulimi wa mm 22 katikati ya bapa, pande zote mbili, mahali ambapo mpini wa sasa haufiki kabisa. Ni alama ya mpini wenye kikinga kinachoteremsha ulimi juu ya bapa, kama ule wa upanga wa imani, aina nyingine ya upanga yenye mpini wa umbo la msalaba. Daftarini umri wa bapa na wa mpini sasa unaandikwa safu mbili tofauti. Kinachofuata ni kupima upana wa ala.