Swichi ya feni kwenye dashibodi: nilivyohangaika na Corolla yangu

Hapa Tanga mjini gari langu halikuwa na kesi. Unatoka Raskazone hadi Ngamiani bila foleni ya maana, upepo unapita kwenye rejeta, mshale wa joto umetulia chini kidogo ya nusu. Kesi ilikuwa ukweni. Wakwe zangu wapo Lushoto, na kutoka Mombo kupanda kule ni kama kilomita 33 za kona juu ya kona, gia ya pili, ya kwanza, mara umekwama nyuma ya fuso lililobeba saruji. Siku hiyo hata Soni sijafika, mshale ukapanda mpaka unagusa nyekundu. Nikasimama, nikafungua boneti injini ikiwa inaunguruma. Feni imetulia tuli, kama haihusiki.

Nilikaa pale karibu saa nzima ndipo nikathubutu kugusa mfuniko wa rejeta, tena kwa tambara. Maji yale yakikurukia usoni hutasahau.

Niliporudi mjini, fundi wa kwanza alinisikiliza nusu tu. "Bosi, hii tunaipa dairekti." Akavuta waya kutoka betri, akaupitisha kwenye kiswichi alichokitobolea tundu pembeni ya usukani, akaupeleka moja kwa moja kwenye feni. Haikuchukua hata nusu saa. Siku mbili nikajiona mjanja. Siku ya tatu, niko Pongwe, nasikia harufu ya plastiki inaungua. Kugusa kiswichi, hakishikiki, kitako chake kimelainika kama mshumaa.

Kosa lilikuwa hapo. Feni ya gari dogo inakula ampea kumi na kitu, na pale inapoanza kuzunguka inavuta zaidi. Kiswichi kile kilikuwa cha taa. Fyuzi njia nzima hakuna hata moja. Halafu alikuwa amekata waya wa asili wa feni, kwa hiyo nikijisahau kuwasha, gari linachemka huku nasikiliza redio.

Nikapelekwa na jirani kwa mzee mmoja, fundi umeme wa magari, Ngamiani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nani kakufanyia hivi?"

Sikujibu. Akarudisha kwanza nyaya za feni kama zilivyokuwa, akaniambia niwashe. Injini ya baridi, feni haizunguki, sawa. Kisha akainama, akachomoa soketi ya sensa ya feni, kile kidude kinachohisi joto la maji, kilicho upande wa chini ambako maji yanarudi kwenye injini. Feni ikawaka papo hapo. Nilishangaa. Mimi nilijua ukichomoa kitu, kinazima.

Akanieleza huku anajifuta grisi. Kwenye Corolla za umri wa hili langu, sensa maji yakiwa ya baridi inapitisha umeme mdogo hadi kwenye rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, na rilei ile ikipata umeme ndiyo inaizuia feni. Maji yakifika kama nyuzi 93, sensa inakata, rilei inaachia, feni inazunguka. Faida yake ni kwamba waya wa sensa ukikatika njiani, feni inawaka yenyewe, haikuachi uungue. Magari mengine yamefungwa kinyume cha hivyo, kwa hiyo usichukue habari hii ukaibandika kwenye gari lolote. Chomoa soketi kwanza uone feni inasemaje.

Sensa yangu ilikuwa imeganda, haikati. Mzee aliniambia nikaihakikishe mwenyewe nyumbani, nami nikaichemsha kwenye sufuria ya chai, mke wangu kanikodolea macho. Nyaya mbili, balbu ndogo, betri ya pikipiki. Kipimajoto sikuhitaji, maana huku pwani maji yakitokota ndiyo nyuzi 100 hizo. Sensa nzima ingeizima balbu kabla ya hapo. Maji yakatokota, mapovu yakafurika, balbu inang'aa tu. Nikanunua sensa mpya, nayo nikaichemsha vilevile. Balbu ikazima kabla maji hayajachachamaa. Sufuria, kwa taarifa yenu, nililazimika kununua nyingine.

Sasa feni ilikuwa inawaka yenyewe, lakini swichi niliitaka bado. Sensa imekaa maji yanakotokea yakiwa yameshapoa kidogo, na kwenye mlima nataka feni ianze kabla, si baada. Safari hii kazi ilikuwa nyepesi hadi aibu: waya mmoja wa sensa unakatwa, ncha zake mbili zinaletwa kwenye swichi ndani ya gari. Swichi ikiunganisha, sensa inafanya kazi yake kama kawaida. Swichi ikikata, rilei inadhani maji ni ya moto, feni inawaka. Kinachopita kwenye dashibodi ni umeme wa rilei tu, hata ampea moja haufiki. Mzigo mzito umebaki mbele kwenye nyaya na fyuzi za kiwandani.

Nyaya tulizipitisha kwenye mpira wa kebo ya boneti ili bati lisizikwaruze. Mzee akaongeza kitaa chekundu kilichochukua umeme kwenye waya wa feni, chenye kifyuzi chake. Akanionya: taa ikiwaka maana yake umeme umefika, kama mota imekufa taa haitakwambia. Kwa hiyo jicho kwenye mshale linabaki palepale.

Nimepanda Lushoto mara nne tangu hapo. Mombo sokoni nabonyeza, taa inawaka, na mshale haujapita nusu hata nikiwa nyuma ya malori.

Shida imekuja kwa shemeji yangu. Aliliazima kwenda Muheza, akanipigia feni haizimi.

"Weka swichi juu," nikamwambia.

"Shemeji, juu si ndiyo kuwasha?"

Nimebandika plasta chini yake, nimeandika kwa kalamu ya wino: JUU YENYEWE, CHINI FENI.